Chanjo ya kolera ya kunywa: ni nini, na mbona haichomwi?

Huku Kivu, mashariki ya Kongo, neno "kipindupindu" tunaliacha vitabuni. Sisi tunasema kolera. Na timu ya chanjo ikishuka kwenye mtumbwi kule kisiwani Idjwi, au ikifika kwa moto (pikipiki) vijijini upande wa Katana, kinacholeta maswali si kolera yenyewe, maana hiyo inajulikana. Ni hilo neno "kunywa". Mama anafunguliwa kichupa kidogo cha plastiki, kinakamuliwa mdomoni, kimekwisha. "Muganga, ni hiyo tu? Sindano iko wapi?" Nyuma yake kuna mwingine ambaye mtoto wake anaharisha tangu asubuhi. Huyo anaomba viwili.

Tuanze na huyo wa pili, kwa sababu kosa lake ndilo la hatari. Chanjo si dawa. Mtoto anayeharisha hasaidiwi na kichupa kile. Anahitaji kunyweshwa maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na kukimbizwa kituo cha afya saa ile ile, kwani kolera inaweza kumkausha mtu na kumuua ndani ya saa chache. Chanjo humwandaa mtu ambaye bado ni mzima, na kinga yake huchukua takriban wiki moja kusimama.

Sasa, kwa nini kunywa? Kijidudu cha kolera, Vibrio cholerae, hakina haja na damu yako. Unakimeza kwenye maji au chakula kilichoingiwa na kinyesi, kinashuka mpaka utumbo mwembamba, kinanata kwenye ukuta wake na kumwaga sumu. Sumu hiyo ndiyo inayoufanya utumbo uachie maji ya mwili, mpaka choo kinafanana na maji yaliyooshea mchele. Kila kitu kinatendeka pale ukutani. Basi chanjo nayo inapitishwa njia ile ile, ili utumbo wenyewe ujifunze kumtambua adui na kumzuia asinate. Zamani zilikuwepo chanjo za sindano za kolera, lakini kinga yake ilikuwa hafifu na haikudumu, zikaachwa.

Ndani ya kichupa mna vijidudu vya kolera vilivyokwisha kuuawa. Hapo chanjo hii inatofautiana na matone ya polio ambayo wazazi wengi wanayafahamu: yale yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa hiyo maneno ya sokoni kwamba "wanatuletea kolera kwenye chupa" hayana msingi. Kinachoweza kutokea ni tumbo kuuma kidogo au kichefuchefu, kisha kinapita.

Dozi ni mililita 1.5. Kijiko cha chai hubeba 5, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Ladha yake si nzuri, na watoto hawafichi hilo. Huhitaji kufunga kula. Anakunywa mtu yeyote kuanzia umri wa mwaka mmoja, na katika kampeni akina mama wajawazito hawaachwi. Kuna aina ya zamani zaidi ambayo lazima ichanganywe kwenye maji safi na unga maalumu. Yaani unamdai maji safi mtu ambaye ugonjwa umemfikia kwa kuyakosa! Ndiyo maana vijijini hiyo haikufaa.

Chanjo inatunzwa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, ingawa baadhi ya aina zimeruhusiwa kukaa nje ya friji kwa siku chache kabla ya kutumika. Kwa kijiji kisicho na umeme hilo si jambo dogo. Ukipata nafasi, angalia alama iliyobandikwa: duara lenye mraba mdogo mweupe katikati. Joto likizidi, mraba unakolea giza kuelekea rangi ya duara. Ukishafanana nalo, muganga hatakunywesha, anautupa ule mzigo.

Halafu kuna lile la dozi moja au mbili, ambalo limewagombanisha watu wengi bure na mareko wao, wahamasishaji wa afya wa kijijini. Kawaida ni dozi mbili, zikiachana angalau majuma mawili, na kinga yake hufika miaka mitatu hivi. Lakini chanjo hizi hutoka kwenye akiba ya dunia iliyoanzishwa 2013, na mahitaji yakaipita. Oktoba 2022 ikaamuliwa kwamba penye mlipuko watu wapewe dozi moja, ili wengi zaidi wafikiwe. Kwa hiyo reko aliyekuambia mbili juzi na moja leo hakudanganya. Na moja si bure: utafiti uliofanywa Uvira, hapa hapa Kivu Kusini, na kuchapishwa 2024, ulionyesha kwamba waliokunywa dozi moja tu walipunguza hatari ya kuugua kwa karibu nusu, hata baada ya miaka miwili. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano kinga huwa ndogo zaidi, na hao ndio wa kuwekwa mbali na maji ya ziwani hata baada ya kunywa.

Kadi ile ndogo unayopewa ihifadhi pamoja na karatasi za kupimisha watoto. Ikipotea, usijifiche timu ikirudi: unakunywa tena, na dozi ya ziada haikudhuru.