Kwa nini sahani ya bapa hupinda, na kalibu inavyosaidia

Sahani ikitoka tanurini imepinda, moto ndio hulaumiwa. Mara nyingi moto hauna kosa: sahani ilipinda mezani, bapa, yaani udongo uliosukumwa ukawa kama chapati, likiwa bado bichi. Udongo hukumbuka. Chembe zake ni vibamba vidogo mno vinavyojipanga kufuata jinsi ulivyovisukuma. Ukininginiza bapa kwa pembe moja kisha ukalinyoosha kwa mkono, jicho litaridhika, lakini likikauka na kuchomwa litarudi kulekule ulikolikunja. Ndiyo maana mimi hunyanyua bapa pamoja na kitambaa chake, au hulibana kati ya mbao mbili na kulipindua.

Kanda udongo mpaka mapovu ya hewa yaishe. Ukiuchanganya na chenga za vigae vilivyosagwa, utapinda kidogo kuliko udongo mlaini mtupu. Tandika turubai, weka vijiti viwili vya unene wa milimita 6 kandokando ya udongo, mti wa kusukumia upite juu yake. Kwa sahani inayozidi sentimita 30, tumia milimita 8. Sukuma kutoka katikati kwenda nje, na kila baada ya misukumo michache lizungushe bapa robo duara na kulipindua. Likisukumwa upande mmoja tu, litanywea bila uwiano, na duara linaweza kuwa yai. Povu likijitokeza, litoboe kwa sindano. Mwisho, kandamiza pande zote mbili kwa kipande cha plastiki chenye ukingo laini. Hatua hii wengi huiruka, nami naona ndiyo inayookoa sahani nyingi zaidi zisipasuke.

Kalibu, yaani chombo kinacholipa bapa umbo la sahani, ziko za aina mbili: ya shimo, ambamo bapa hulala ndani, na ya mgongo, ambayo bapa huifunika kwa juu. Bakuli lolote linafaa, ila kioo na plastiki hung'ang'ania udongo mbichi; tanguliza gazeti au kitambaa chembamba. Kalibu ya plasta ya jasi hunyonya maji na kuachia kwa urahisi. Kwa lita 1 ya maji, pima takriban kilo 1.4 za plasta. Nyunyiza plasta kwenye maji, usimimine maji kwenye plasta. Iache dakika mbili ilowe, ndipo ukoroge taratibu. Usiikaushe kwa joto la kupita nyuzi 50 hivi, itakuwa dhaifu na kumeguka. Kipande kikimegukia kwenye udongo, utupe udongo wa sehemu hiyo: baada ya kuchomwa, chembe hiyo hufyonza unyevu, huvimba na kubandua uso wa sahani.

Tofauti kubwa ya kalibu hizi iko kwenye kunywea. Ndani ya shimo, udongo hujivuta na kujitenga wenyewe. Juu ya mgongo, hunywea huku kalibu hainywei hata kidogo, hivyo huikumbatia mpaka upasuke. Usiuache hapo usiku kucha; utoe mara tu unapoweza kusimama bila kulegea, wakati bado unakubali alama ya ukucha. Huo pia ndio wakati wa kuunganisha kitako: kwaruza pande zote mbili, paka rojo la udongo uleule, bana.

Ukingo hukauka kabla ya kitako, hujivuta, na sahani huinuka pembeni. Uzungushie ukanda wa nailoni, acha katikati wazi. Sahani ikishika ugumu wa ngozi, yaani imekaza lakini bado ina unyevu, ipindue juu ya ubao uliotandikwa gazeti ili iweze kuteleza inaponywea. Kabla ya kuipeleka tanurini, igusishe shavuni. Ikiwa baridi, bado ina maji, na maji hayo yakigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 huivunja vipande. Irudishe rafuni siku mbili zaidi.