Video Umeitazama, Hesabu Hujaifanya

Matokeo ya jaribio yametoka na simu yangu imejaa ujumbe ule ule wa kila muhula. "Mwalimu, video zote nimezitazama, nimeelewa vizuri kabisa, lakini maswali yamekuja tofauti." Wengine wanasema mfumo wa majaribio ya mtandaoni una matatizo. Wengine wanasema wangekaa darasani mbele ya mwalimu, wangefaulu. Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja. Leo naandika kwa wote, maana imani hii ya kwamba kutazama ni kuelewa inawaangusha watu wenye akili na bidii, na inaniuma kuona mtu wa bidii anakwenda kwenye sapu, mtihani wa marudio, kwa sababu alitumia bidii yake mahali pasipostahili.

Ninafundisha kwa njia ya mtandao kozi ya hisabati ya mwaka wa kwanza kwa wasiosoma sayansi: watu wa sheria, elimu, uandishi wa habari, utawala, ustawi wa jamii. Wengi ni watu wazima wenye kazi na familia, wanaosoma usiku watoto wakishalala. Mada mnazijua: seti, mantiki, uwiano na asilimia, riba, milinganyo ya mstari, takwimu, uwezekano. Kalkulasi haimo.

Kuna pia wanaodhani kwamba hesabu za mtandaoni ni nyepesi kuliko za darasani. Hilo nilimalize haraka. Kusoma kwa masafa hakukuletwa na intaneti. UNISA ya Afrika Kusini imekuwa ikifundisha hivyo tangu 1946. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kikapokea wanafunzi wa kwanza 1994, wakati ambapo mwanafunzi alikaa na kitabu cha kozi, karatasi na kalamu. Silabasi ile ile, mtihani ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna video, na hapo ndipo penye tatizo ninalotaka kulizungumzia kwa kirefu.

Chukua VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kwenye somo ninaonyesha bidhaa ya shilingi 100,000. VAT ni asilimia 18, kwa hiyo kodi ni 18,000 na mteja analipa 118,000. Hakuna anayeuliza swali. Kwenye jaribio ninauliza: risiti inaonyesha 118,000 pamoja na VAT, kodi ni shilingi ngapi? Majibu yanamiminika: 21,240. Wamechukua asilimia 18 ya 118,000. Hesabu ya kuzidisha iko sahihi kabisa. Jibu ni baya, na kuujua ubaya wake ni kazi ya nusu dakika: toa 21,240 kwenye 118,000, unabaki na 96,760. Sasa iongezee asilimia 18 yake, unapata 114,176.80. Bei ya risiti hairudi. Basi 96,760 haikuwa bei ya awali. Ile 118,000 ni sehemu 118 ambazo 18 kati yake ni kodi, kwa hiyo kodi ni 118,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 18,000.

Nini kilitokea kwa mtu aliyeelewa somo "vizuri kabisa"? Kila hesabu ina kazi mbili: kuamua na kukokotoa. Kwenye video, uamuzi niliufanya mimi. Niliamua kwamba ni asilimia 18 ya bei ya awali, nikalisema kwa sekunde moja, kisha nikatumia dakika nzima kukokotoa. Mtazamaji alifuata ukokotoaji hatua kwa hatua na akaona kila hatua ina mantiki. Ni kweli ilikuwa na mantiki. Lakini swali pekee lililo gumu katika hesabu yote, asilimia 18 ya nini, hakuwahi kuulizwa yeye. Alipoulizwa kwa mara ya kwanza, saa ya jaribio ilikuwa inakwenda.

Ndiyo maana sikubali neno "swali limekuja tofauti". Swali halikuja tofauti. Ni mara ya kwanza wewe kuamua.

Hili wataalamu wa saikolojia wamelipima. Mwaka 2018 Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha majaribio ambayo watu walitazama video ya ustadi fulani, kwa mfano kurusha vishale, wengine mara 1, wengine mara 20. Waliotazama mara nyingi walijiamini zaidi. Walipopewa vishale mkononi hawakuwa bora kuliko wenzao. Mwaka uliofuata Louis Deslauriers na wenzake pale Harvard walilinganisha wanafunzi wa fizikia waliosikiliza mhadhara mzuri na waliofanyishwa kazi darasani. Waliofanyishwa kazi walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Soma sentensi hiyo mara mbili. Hisia ya "nimeelewa" haikuwa tu dhaifu kama kipimo, ilielekeza upande usio sahihi. Mtu anayehangaika na karatasi anahisi hajui, naye ndiye anayejifunza. Anayetazama somo safi lililopangwa vizuri anahisi anajua.

Kwa hiyo mwanafunzi anaponiambia aliitazama video mara nne, simwoni mvivu. Nasikitika. Muda ule angeutumia kukosea kwenye karatasi angekuwa mbali.

Hapa niseme jambo ambalo waalimu wenzangu hupenda kuliruka. Ushahidi hauko upande mmoja. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha utafiti wa aljebra ulioonyesha kwamba wanaoanza mada, wakipewa mifano iliyokwisha kukokotolewa waisome, hujifunza kwa muda mfupi kuliko wakiachwa wapambane na maswali peke yao. Ina maana: mtu asiyejua pa kuanzia akisukumiwa maswali ishirini, akili yake yote inakwenda kwenye kutafuta njia na hakuna kinachobaki. Kwa hiyo siwezi kuwaambia "acheni video, fanyeni maswali" nikaondoka. Mfano uliokokotolewa ni chakula cha anayeanza. Shida ni kujua lini uanze kuufunika. Hilo sijalipatia kanuni. Kuna wanaohitaji mifano miwili, kuna wanaohitaji sita, na mtu yule yule anahitaji miwili kwenye seti na sita kwenye uwezekano. Darasani ningeona usoni. Mtandaoni sioni uso, na huo ndio upungufu wa kweli wa kozi hizi, siyo yale mnayoyalalamikia.

Ninachowashauri ni hiki. Tazama mfano wa kwanza mpaka mwisho. Wa pili, simamisha video pale ninapomaliza kusoma swali, kabla sijaandika chochote, kisha uandike mstari wa kwanza mwenyewe. Mstari wa kwanza tu. Ukiwa tofauti na wangu, umegundua kitu ambacho kutazama mara nne kusingekuonyesha. Kesho yake, rudia swali lile kwa namba nyingine kwenye karatasi tupu, daftari limefungwa. Wanaosikiliza kwa kasi ya mara moja na nusu ili wamalize mapema, sina la kuwaambia zaidi ya hili: mnaharakisha sehemu ile ile ambayo uamuzi unafanyika. Na kwa wanaolalamikia bando, wana haki, video zinakula megabaiti. Karatasi haili.

Sasa MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tulifundishwa shule ya msingi na kila mmoja wenu bado anaiimba. Nusu ya kwanza haina madhara. Ukigawanya kabla ya kuzidisha utapata jibu lile lile la anayekwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Nusu ya pili inaua. Andika 10 − 3 + 2. Anayejumlisha kwanza anapata 3 + 2 ni 5, kisha 10 − 5 ni 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja, unakwenda nazo kutoka kushoto kama zilivyoandikwa. Kila muhula ninaliona kosa hili kwenye hesabu za salio la akaunti, linafanywa na watu wazima wanaoshika fedha za ofisi. Tena kifupisho chenyewe hakina vipeo kabisa, kama ile 2 ndogo kwenye 3². Vipeo vinakuja baada ya mabano na kabla ya kugawanya, na ukiandika −3² kwenye kalkuleta nyingi za kisayansi unapata −9, kwa sababu kipeo kinamshika 3 kabla ya alama ya kutoa. Ukitaka 9, weka mabano.

"Mfumo una matatizo." Mara nyingi mfumo hauna tatizo. Umeandika koma ya maelfu, programu haikubali koma, andika 118000. Umekadiria mapema: theluthi ya milioni 3 ni milioni 1, lakini ukiandika 0.33 unapata 990,000, umepoteza elfu kumi njiani. Kadiria mwishoni.

Ila siwezi kuutetea mfumo moja kwa moja. Maswali yetu yako kwenye Moodle, jukwaa la kozi za mtandaoni, na mengi yameandikwa kwa STACK, kifaa kilichoanzishwa na Chris Sangwin huko Uingereza, ambacho nyuma yake kinatumia programu ya aljebra iitwayo Maxima. Uzuri wake ni kwamba kila mwanafunzi anaweza kupewa namba zake, na kifaa kinatambua kwamba 1/2 na 0.5 ni kitu kimoja. Pia mwalimu anaweza kuandika mapema makosa anayoyatarajia. Kwenye swali la VAT nimeweka 21,240 humo, na anayeliandika anaulizwa papo hapo: "Asilimia 18 ya nini?" Lakini kosa nisilolitarajia linapata sifuri kavu, hata kama fikra nyuma yake ilikuwa nzuri na mtu aliteleza kwenye hatua ya mwisho. Kwenye karatasi ningempa alama tatu kati ya nne. Hilo linanisumbua, na anayelalamika kwa sababu hiyo nampa haki.

Kuhusu Photomath na ndugu zake wanaosoma picha ya swali na kutoa hatua zote: tumia kukagua kazi uliyoimaliza. Ukianza nayo, umerudi kuwa mtazamaji, tena wa somo ambalo hukulichagua. Na swali la VAT lililoandikwa kwa maneno, ukishaambiwa uamuzi na mashine, hakuna kilichobaki cha kujifunza.

Kuna wanaoniuliza kwa nini mtu wa sheria au ustawi wa jamii ahangaike na haya. Nendeni mkasikilize watu waliochukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Chukua mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa wiki, mkopaji asilipe, na kila wiki riba ihesabiwe juu ya deni lote. Wengi wanakadiria kwamba kwa wiki 4 deni ni 140,000. Ni 146,410. Tofauti inaonekana ndogo, ndiyo maana watu wanasaini. Kwa wiki 52, anayefikiri riba ya kawaida atasema 620,000. Ukizidisha 1.1 kwa yenyewe mara 52 unapata takriban 142, yaani deni limepita shilingi milioni 14. Mwanasheria anayemsaidia mkopaji huyu, afisa ustawi anayekaa naye, mwandishi anayeandika habari yake, wote wanahitaji kuamua jambo lile lile la kwanza: asilimia 10 ya nini? Ya mkopo wa awali, au ya deni la wiki iliyopita? Mkataba umeandika kipi? Hakuna kalkuleta inayoamua hilo.

Na waandishi wa habari, tafadhali: kiwango kikipanda kutoka asilimia 10 hadi asilimia 12, hakijapanda kwa asilimia 2. Kimepanda kwa pointi 2 za asilimia, ambazo ni ongezeko la asilimia 20. Tumelifanya kwenye wiki ya tatu.

La mwisho ni namna ya kuniuliza. "Mwalimu sijaelewa riba" siwezi kulijibu, nitakutumia video na tutarudi pale pale. Piga picha karatasi yako, hata kama ina mistari miwili na imejaa vifuto. Zungushia duara mstari wa kwanza ambao huna uhakika nao, uandike pembeni ulikuwa unafikiri nini ulipouandika. Swali la namna hiyo nalijibu jioni ile ile, kwa sababu naona pa kushika. Asiye na karatasi ya kupiga picha aanze na hiyo VAT: risiti ya shilingi 59,000 pamoja na kodi ya asilimia 18. Andika mstari wa kwanza, unitumie huo.