Sikio Halina Kope: Namna Sauti Inavyoweza Kukutuliza Wasiwasi Unapokuzidi

Jicho likichoka tunalifumba. Sikio halina kope. Usiku kucha, mwili ukiwa umelala fofofo, sikio linaendelea kupokea na ubongo unaendelea kupima: hii ni ya kupuuza, hii ni ya kuamka. Ndiyo maana mtu aliyelala anaweza kupitwa na kelele nyingi, kisha akafumbua macho jina lake likitajwa tu.

Kwa mwenye wasiwasi, mlinzi huyu yuko zamu kupita kiasi. Mlango ukibamizwa anaruka. Simu ikiita, moyo unakwenda mbio kabla hajajua nani anampigia. Wengi wanaokuja kliniki wanasema kushtukashtuka huku kunawaaibisha, wanajiona dhaifu. Ningependa waondokane na aibu hiyo kwanza, maana hapa hakuna udhaifu, kuna maumbile.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hugonga ngoma ya sikio, hupita kwenye vifupa vitatu vidogo, huingia kwenye koklea iliyojiviringa kama nyumba ya konokono, na humo vinyweleo vidogo sana huigeuza kuwa ishara za neva. Ishara hizo zikifika ubongoni hugawana njia. Njia moja huenda kwenye gamba la ubongo, linalotambua kwamba hili ni gari, ule ni mlango. Nyingine ni ya mkato: hutoka kwenye thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo kinachopokea na kusambaza ishara, moja kwa moja hadi amigdala, kiungo chenye umbo la lozi kinachoshughulika na hofu. Mwanasayansi wa Marekani, Joseph LeDoux, aliifuatilia njia hiyo kwa kuchunguza panya waliofunzwa kuuogopa mlio fulani. Mwili hushtuka kwanza, akili hutambua baadaye. Kwa hiyo kujikaripia hakusaidii, kwa sababu karipio linafika likiwa limechelewa. Kinachosaidia ni kumpa mlinzi huyo sauti inayomwonyesha kwamba hakuna hatari.

Sauti za namna hiyo zina tabia moja: hazina ghafla. Zinapanda na kushuka polepole, na sikio linaweza kukisia kinachofuata. Mvua isiyo na radi, mawimbi, mto unaopita juu ya mawe. Mwaka 2021, mtafiti Rachel Buxton na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti kadhaa kuhusu sauti za asili, na wakaona kwamba sauti za maji ziliongoza katika kuinua hisia njema, huku za ndege zikiongoza katika kupunguza msongo. Maji yana faida nyingine pia, kwamba yanafunika. Mlango wa jirani ukifungwa huku mvua inanyesha, mshindo wake humezwa. Kelele nyeupe, ile "shaaa" inayofanana na redio isiyoshika stesheni, hufanya kazi hiyohiyo ya kufunika. Kelele ya waridi imepunguzwa ukali wa sauti za juu, na wengi huiona laini zaidi.

Upande wa muziki tuna ushahidi mwingi zaidi. Mwaka 2013, shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za afya, lilitoa mapitio ya majaribio 26 yenye wagonjwa 2,051 waliokuwa wakisubiri upasuaji. Waliosikiliza muziki walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Ninayapa uzito matokeo hayo, ingawa yanahitaji kusomwa kwa tahadhari: anayesikiliza muziki anajua kwamba anausikiliza, na hilo linaweza kuathiri majibu anayotoa. Hata hivyo, kwa mtu aliyelala kitandani akisubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, kitu kisicho na sumu wala gharama kubwa na kinachompunguzia hofu ni cha kukaribishwa kwa mikono miwili.

Muziki gani? Swali hili naulizwa kila wiki, na jibu langu huwa lilelile: ule unaoupenda na uliokwisha kuuzoea, wenye mwendo wa polepole. Orodha zinazoitwa "muziki wa utulivu" zimepangwa na mtu asiyekujua. Wimbo mpole kabisa unaweza kuwa ndio uliopigwa siku ya msiba wenu, na ukakurudisha palepale kaburini. Kumbukumbu haijali mapigo ya wimbo. Jaribu ukiwa mzima, mchana, uone mabega yanashuka au yanakaza. Mwili wako ndio utakaokuchagulia.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa programu za simu hawalisemi sana. Mwaka 2006, mtafiti Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walipima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na pumzi za watu waliokuwa wakisikiliza muziki wa aina mbalimbali. Muziki wa kasi uliviharakisha. Utulivu mkubwa ulionekana kwenye kimya cha dakika 2 kilichowekwa katikati ya vipande vya muziki, hata kuliko pumziko la mwanzo kabla ya muziki wowote. Kimya kinachokuja baada ya sauti kina ladha yake. Kwa hiyo sauti ikiisha usikimbilie kuweka nyingine. Kaa hapo kidogo.

Sasa niseme ninachokiamini baada ya miaka ya kazi hii: sauti inasaidia zaidi inapoishika pumzi mkono. Ukivuta hewa, moyo huongeza mwendo kidogo. Ukiitoa, hupunguza, kwa amri inayopitia neva ya vagasi, ile ndefu inayotoka ubongoni hadi moyoni na kwingineko. Mwenye wasiwasi hupumua juujuu na harakaharaka, na moyo haupati nafasi ya kupunguza. Pumzi zipatazo 6 kwa dakika, za kuvuta kwa sekunde 4 na kutoa kwa sekunde 6, huupa nafasi hiyo. Kuhesabu sekunde ukiwa na hofu ni mateso, lakini kulifuata wimbi linaloingia na kurudi ni rahisi. Vivyo hivyo kwa sauti iliyorekodiwa inayokuongoza kukaza na kulegeza misuli, kundi baada ya kundi, njia ambayo daktari Edmund Jacobson aliiandikia kitabu mwaka 1929. Ukichagua rekodi ya namna hiyo, chagua ya lugha unayoiotea ndoto.

Utakutana pia na milio inayodaiwa "kuubadilisha ubongo": sikio moja hupewa mlio wa hezi 400 (yaani mitikisiko 400 kwa sekunde), jingine 410, na msikilizaji husikia mdundo wa hezi 10 ambao haupo hewani. Mdundo huo ni wa kweli; mwanafizikia Heinrich Wilhelm Dove aliueleza tangu mwaka 1841. Ahadi zinazouzunguka ndizo zenye matatizo, kwa maana majaribio yametoa majibu yanayopingana. Ukikupendeza usikilize, ila usiulipie kama dawa.

Sauti iwe ya chini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi 90, zinabaki saa 4 tu. Kwa mtoto mchanga, chombo kiwe mbali na kitanda, sauti ndogo, na kizimwe akishalala. Usisikilize rekodi za kulegeza mwili ukiwa unaendesha gari. Mwenye mlio masikioni usioisha mara nyingi hupata nafuu kwa sauti hafifu kuliko kwa kimya kitupu. Na aliyepitia tukio la kutisha, au anayesikia sauti wasizosikia wengine, aanze akiwa na mtaalamu karibu.

Onyo ninalolisisitiza kuliko yote linahusu kujificha. Nimeona watu walioanza na nusu saa ya mvua kabla ya kulala, wakaishia kutoweza kuingia dukani bila vipokea sauti masikioni. Hapo sauti imegeuka ukuta. Kila unapokwepa kinachokutia hofu unapata nafuu ya papo hapo, na hofu inapata chakula. Tumia sauti ikusaidie kufika mahali unapopaogopa, kisha zitoe hedifoni ukiwa palepale, hata kwa dakika moja, kesho mbili.

Wasiwasi ukidumu kwa wiki nyingi, ukakunyima usingizi, kazi au watu wako, nenda kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na matatizo ya wasiwasi. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa, na zote zinasaidia wengi. Maumivu ya kifua yakikujia kwa mara ya kwanza, usidhani ni hofu tu, yapimwe. Ukijiwa na fikra za kujiua, mwambie mtu sasa hivi na uombe akupeleke kwenye huduma.

Na kama umeamka usiku wa manane, roho juu, simu haina chaji, bado una chombo. Keti. Vuta hewa kwa pua. Funga midomo bila kuuma meno, kisha vumisha "mmmm" ya chini hadi pumzi iishe yenyewe. Huwezi kuvuma na papo hapo ukapumua kwa pupa, mvumo wenyewe unaibana pumzi itoke kidogokidogo. Utahisi mtetemo midomoni, puani, hadi kifuani. Rudia mara sita au saba. Halafu nyamaza, ukisikilize chumba.