Uyoga wa rangi kwenye gogo: unaliwa au una sumu?

Nimekuta uyoga wa rangi ya chungwa umeota kwenye gogo lililooza. Nitautambuaje?

Ugeuze kwanza, utazame chini ya kofia. Ukiona vitundu vidogo sana, na uyoga hauna shina bali umeshikana na mti kwa matabaka, juu chungwa na chini njano, huenda ni Laetiporus sulphureus. Huo huliwa ukiwa mchanga na ukipikwa ukaiva vizuri, ingawa wapo unaowachafua tumbo. Lakini ukiona mikunjo myembamba iliyopangana kama kurasa za kitabu, uache. Huenda ni Omphalotus, ambao nao ni wa rangi ya chungwa, huota kwa vishada kwenye visiki, na humtapisha na kumharisha mtu vibaya.

Kwa hiyo wenye rangi kali ndio wa kuogopwa?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopoteza maisha. Kwenye magogo hayohayo huota Galerina marginata, uyoga mdogo wa kahawia usiovutia macho. Una amatoksini, sumu ileile ya Amanita phalloides (uyoga mwingine unaoua), inayoharibu ini. Kuuchemsha, kuukausha au kuugandisha hakuondoi sumu hiyo. Anayechuma kwa mafungu bila kukagua mmojammoja anaweza kuubeba pamoja na ule alioukusudia.

Je, kupika na kijiko cha fedha au kitunguu saumu hufichua sumu?

Si kweli. Wala usiamini uyoga kwa sababu umeliwa na konokono. Mwili wake si kama wako.

Kuna kipimo chochote cha nyumbani?

Kipo cha spora, yaani vumbi ambalo uyoga huzaliana kwalo. Kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa glasi hadi asubuhi. Galerina huacha vumbi la rangi ya kutu. Kipimo hiki husaidia kuukataa uyoga. Hakitoshi kukuruhusu kuula. Anayeweza kukuruhusu ni mtaalamu aliyeushika mkononi, si picha ya simu.

Mtu ameshakula uyoga asioujua. Afanye nini?

Aende hospitali sasa hivi, hata kama hajisikii vibaya. Dalili za amatoksini kwa kawaida huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula: tumbo kusokota, kutapika, kuhara. Kisha hutulia, mgonjwa akadhani amepona, kumbe ini linaendelea kuharibika. Mpeni daktari mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa, na mwambieni saa alipokula na nani wengine walikula naye.