Carpe diem: maana ya kuichuma siku

Carpe diem ni maneno mawili ya Kilatini ambayo leo yanaonekana kwenye fulana, kwenye michoro ya ngozi na katika hotuba za mahafali, na ambayo kwa Kiswahili hufasiriwa mara nyingi kuwa "kamata siku" au "itumie siku ipasavyo". Tafsiri ya kwanza ina nguvu kupita kiasi, na ya pili imelegea kama tangazo la semina. Kitenzi carpere ni cha bustanini: ndicho alichokitumia Mroma alipotoa tunda mtini, alipokata ua au alipovuna zabibu. Kiswahili kinacho kitenzi hicho tayari, nacho ni kuchuma. Carpe diem ni "ichume siku", na ukianzia hapo, mambo mengi yanayosemwa kimakosa kuhusu dhana hii yanajirekebisha yenyewe.

Aliyeyaandika maneno hayo ni mshairi Quintus Horatius Flaccus, aliyezaliwa Desemba mwaka 65 KK katika mji wa Venusia, kusini mwa Italia. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, ambaye riziki yake ilitokana na kukusanya malipo ya minada, na ambaye kwa fedha hiyo alimpeleka mwanawe Roma kusoma pamoja na watoto wa wakubwa. Kutoka Roma kijana alikwenda Athens kujifunza falsafa, na huko akaingia katika jeshi la Brutus, mmoja wa wauaji wa Julius Caesar. Mwaka 42 KK, kabla hajatimiza miaka 23, alikuwa upande ulioshindwa katika vita vya Philippi. Baadaye alikiri mwenyewe katika shairi kwamba aliitupa ngao yake na kukimbia. Aliporudi Italia chini ya msamaha, shamba la baba yake lilikuwa limekwisha kupotea, akajipatia kazi ya ukarani katika hazina ya serikali. Mshairi Vergilius ndiye aliyemjulisha kwa tajiri Maecenas, rafiki wa mtawala Augustus, na kwa ufadhili huo akapata shamba katika vilima vya Sabini, ng'ambo kidogo ya Roma. Nayataja haya kwa sababu mtu wa namna hii, aliyeona mipango yake yote ikivunjika kabla ya kufika umri wa makamo, hakuhitaji kuambiwa na mwanafalsafa kwamba kesho haina mdhamini.

Shairi lenyewe ni la 11 katika kitabu cha kwanza cha tenzi zake, vitabu vitatu vya mwanzo vikiwa vimetolewa pamoja mwaka 23 KK. Lina mistari minane tu. Anazungumza na mwanamke aitwaye Leuconoe, ambaye inaonekana amekwenda kwa wanajimu kutaka kujua atakufa lini. Kwa lugha ya nathari, asemayo ni haya: Usiulize, kwani kujua ni mwiko, ni mwisho gani miungu wamenipangia mimi na ni upi wamekupangia wewe, wala usizijaribu hesabu za Babiloni. Ni heri kulipokea lolote litakalokuja, ama mungu mkuu Jupiter ametugawia vipupwe vingi zaidi, ama hiki ndicho cha mwisho, ambacho sasa hivi kinaichosha bahari ya Tirreni kwa kuipiga kwenye miamba. Uwe na busara, uchuje mvinyo, na kwa kuwa nafasi ni fupi ulipogoe tumaini refu. Tukiwa bado tunazungumza, wakati wenye husuda utakuwa umekwisha kutoroka. Ichume siku, na kesho uiamini kwa uchache kadiri uwezavyo.

Hesabu za Babiloni ni kupigiwa falaki. Wababiloni walisifika kwa elimu ya nyota, na katika Roma ya wakati ule wapiga falaki walikuwa na wateja wa kila tabaka, kama walivyo na wateja leo wale wanaoandika safu za nyota magazetini. Horatius hamkemei Leuconoe kwa ushirikina. Hasemi kwamba nyota zinadanganya. Anasema kwamba hata kama zingesema kweli, kujua kusingemsaidia kuishi.

Kisha vinakuja vitenzi vitatu ambavyo ndivyo moyo wa shairi: chuja, pogoa, chuma. Vyote ni vya mtu mwenye mzabibu. Mvinyo wa Waroma ulikuwa na mashapo, kwa hiyo kabla ya kunywewa ulipitishwa kwenye kitambaa au chujio. Ni kazi ndogo ya nyumbani, sawa na kukamua tui kwa kifumbu, isiyoweza kufanywa kwa haraka wala kuahirishwa ikiwa wageni wamekwisha kukaa. Kupogoa ni kuyakata matawi yanayorefuka bure ili nguvu ya mti iende kwenye matunda. Anachoelekezwa Leuconoe kukipogoa ni tumaini, na hapa msikilizaji wa mawaidha ya misikitini atashtuka kidogo, maana maonyo juu ya matumaini marefu ameyasikia mara nyingi. Maneno yanafanana hasa, ila njia zinaachana mbele: mwenye mawaidha anayafupisha matumaini ili mtu aigeukie akhera, na Horatius anayafupisha ili mtu akigeukie kikombe kilicho mezani.

Kitenzi cha tatu ndicho kilichojulikana dunia nzima. Tofauti ya kukamata na kuchuma si ya kamusi tu. Mtu hukamata kinachokimbia, kwa nguvu na kwa kushtukiza. Huchuma kilichokomaa, kwa vidole, kwa wakati wake. Wachumaji wa karafuu wa Pemba wanaielewa siku ya Horatius kuliko wahutubiaji wengi: karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, na ua likishafunguka thamani yake imeshuka, lakini ukiliwahi mno tumba bado ni changa. Muda wenyewe ni mfupi na hauko chini ya amri ya mchumaji. Wajibu wake ni kuwa juu ya mti wakati huo.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo tafsiri nyingi hulipoteza na Kiswahili hulihifadhi bila shida. Horatius hasemi kwamba wakati unakimbia. Anasema kwamba tukiwa tunazungumza wakati "utakuwa umekwisha kukimbia", njeo ya jambo la mbele ambalo limeshapita. Mazungumzo yenyewe, yaani shairi hili, ni sehemu ya muda unaopotea. Leuconoe akimaliza kulisikiliza, mistari minane ya uhai wake imeondoka.

Maneno ya mwisho ya shairi nayo hukatwa kila mara, na nadhani ndiyo yanayoamua maana. Horatius anaposema "uiamini kwa uchache", anatumia kivumishi kinachotokana na credere, kitenzi ambacho kwa Kilatini kilihusu kuamini na pia kukopesha fedha. Kesho ni mdaiwa asiye na rehani. Hatuambiwi tusimkopeshe kabisa. Tunaambiwa tumkopeshe kidogo iwezekanavyo. Methali yetu ni kali zaidi: "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Waswahili huitumia wakati jambo limefika ukingoni, ugomvi au mechi, na haina nafasi ya "kidogo". Horatius ni karani wa hazina. Anajua kwamba kuna mikopo midogo ambayo mtu hawezi kuikwepa.

Lugha hiyo ya hesabu hairudi mara moja tu. Katika shairi la tisa la kitabu hicho hicho, akiutazama mlima Soracte uliofunikwa na theluji, anamwambia rafiki yake aache kuuliza kesho itakuwaje, na kila siku atakayopewa na bahati aiandike upande wa faida. Ni usemi wa daftari, wa mtoto wa mkusanya malipo ya minada. Kwa Kilatini ilimbidi atumie mashairi mawili, moja la bustani na moja la daftari, kusema jambo ambalo Kiswahili kinalibeba kwa kitenzi kimoja, kwa kuwa kwetu mtu huchuma embe na pia huchuma mali, na kile alichokipata kwa jasho huitwa chumo lake. "Ichume siku" kwa Kiswahili ina maana zote mbili papo hapo, na kwa hilo nathubutu kusema kwamba inampita Horatius mwenyewe.

Kosa kubwa zaidi ni kuifanya carpe diem kuwa ndugu wa "ponda mali, kufa kwaja". Horatius alivutwa na mafundisho ya Epicurus, Mgiriki aliyefundisha katika bustani yake huko Athens mwanzoni mwa karne ya tatu KK, na ambaye kwake raha kuu ilikuwa mwili usio na maumivu na moyo usio na fadhaa. Mkate, maji na rafiki vilitosha. Katika barua moja ya kishairi Horatius anajitania kwamba amenenepa na kung'aa kama nguruwe wa kundi la Epicurus, na utani huo umewapotosha wengi, ingawa mistari iliyo juu yake inasema tu kwamba kila siku inayopambazuka uihesabu kuwa ya mwisho, na saa ambayo hukuitarajia itakuja kama mgeni wa kupendeza. Anayeponda mali anaikimbia kesho kwa hofu. Anayechuma hana haraka hiyo.

Wala hakuwa mtu asiyepanga. Katika ushauri wake kwa waandishi anasema mswada uwekwe ndani mpaka mwaka wa tisa kabla ya kutolewa, na mwishoni mwa kitabu cha tatu cha tenzi anajisifu kwamba amejenga ukumbusho utakaodumu kuliko shaba, na kwamba sehemu yake haitakufa. Hilo ni tumaini refu lisilopogolewa hata kidogo, na sioni njia ya kulipatanisha kikamilifu na yale aliyomwambia Leuconoe. Pengine aliona kazi ya mikono yake ni jambo moja na siku zake za kuishi ni jingine, pengine alijisahau.

Siku yake mwenyewe ilifika tarehe 27 Novemba mwaka 8 KK, miezi michache baada ya kufa kwa Maecenas. Mwandishi wa habari za maisha yake, Suetonius, anaeleza kwamba ugonjwa ulimzidi kwa ghafla kiasi kwamba hakuwahi kutia muhuri wasia, akamtaja Augustus kwa mdomo, mbele ya waliokuwapo, kuwa ndiye mrithi wake. Alizikwa kwenye kilima cha Esquilino, karibu na kaburi la Maecenas.