Umaskini haufuti haki

Hakuna kauli inayonichosha ofisini kwetu hapa Mtwara kama hii: "Mwanangu, sisi maskini haki tutaitoa wapi?" Mara ya mwisho niliisikia kwa mama mmoja wa upande wa Nanyamba, aliyefungua fundo la kanga na kunionyesha stakabadhi za korosho alizouza chama cha msingi kwa misimu minne. Barabara ilikuwa imepangwa kupita shambani mwake, na aliyefika kupima alimwambia kwamba asiye na hati halipwi fidia, naye akaamini.

Si kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi kwa mila na desturi, hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Hati huithibitisha haki hiyo, haiizai. Ibara ya 24 ya Katiba nayo inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kulipa fidia inayostahili, na haiulizi kipato chake. Anayeamini kwamba hana haki hunyamaza, akinyamaza hupoteza mikorosho, na mikorosho ikishaondoka watoto wake hurithi umaskini mkubwa kuliko wake. Kila ninayemhudumia namsihi ahesabu miti yake, aandike idadi, na awaite majirani anaopakana nao washuhudie kabla mpimaji hajafika. Wengi huniitikia kwa adabu tu, kisha hurudi shamba likiwa limekwisha kufyekwa, na jambo hilo linaniuma.

Wapo wanaodhani kwamba haki za binadamu ni kura na uhuru wa kusema, na kwamba chakula ni riziki tu. Ibara ya 25 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 inataja chakula, mavazi, makazi na matibabu.

Wengine husema nchi maskini haidaiwi haki hizi. Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, unaotaka haki hizo zitimizwe hatua kwa hatua kadiri rasilimali zinavyoruhusu, pamoja na ushirikiano wa mataifa. Kwa hiyo hata msaada wa nchi tajiri si hisani tupu. Ubaguzi, hata hivyo, hausubiri bajeti: umekatazwa tangu siku ya kwanza.

Na asiye na pesa ya wakili asikate tamaa, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitungwa kwa ajili yake. Mama yule alirudi baada ya siku tatu na karatasi ya daftari yenye majina ya majirani watatu na idadi ya mikorosho: 62.