Mnene naye ana mawazo

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kampala: "Mawazo hukondesha, ukiona mtu kanenepa, ujue ana raha." Si kweli. Wapo wanaokosa hamu ya kula, ndiyo, lakini msongo wa muda mrefu huongeza homoni ya kotisoli, na wengi hutamani vitamu na mafuta: rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya pili saa nne usiku, na tumbo limeshiba matoke. Jichunguze: kwa wiki 2 andika ulichokula, saa, na ulivyojisikia. Dhana yenyewe naielewa. Miaka ya 1980 UKIMWI uliitwa "slim", yaani "mwembamba", hapa Uganda, kukonda kukawa tishio. Ukiupata ujumbe huo, usiusambaze. Aliyenenepa kwa huzuni yumo grupuni, anausoma kimya.